Ramani ya kumbukumbu kwanza, vifaa baadaye

Kerneli unayoiandika (kiini cha mfumo endeshi) ikianza tu, haina kigawa kumbukumbu wala dereva wa kifaa chochote. Washa lango la siriali la kutolea ujumbe kabla ya yote (kwenye PC za kawaida anwani yake ni 0x3F8), ili ukikwama ujue umekwamia wapi. Kisha shughulikia ramani ya kumbukumbu, yaani orodha ya maeneo ya RAM yaliyo huru na yasiyo huru; mengine yote yataisubiri.

Kwenye BIOS (programu ya zamani ya kuwashia PC), ramani huombwa kichakataji kikiwa bado katika hali ya biti 16. Weka 0xE820 kwenye EAX, 0x534D4150 kwenye EDX, 0 kwenye EBX, 24 kwenye ECX, anwani ya bafa kwenye ES:DI, halafu ita katizo 0x15. Rudia, ukiiacha EBX ilivyorudi, mpaka irudi 0 au bendera ya keri iwake. Rejista nyingine zijaze upya kila mzunguko. BIOS za zamani huandika baiti 20 tu, kwa hiyo ile ya 21 iwekee 1 mapema. Ikibaki 0 utasoma kwamba eneo hilo lipuuzwe.

Usitarajie orodha iliyopangwa. Maeneo huja shaghalabaghala, na mengine hulaliana. Aina ya 1 pekee ndiyo huru; ya 3 itumie ukishamaliza kusoma majedwali ya ACPI (maelezo ya vifaa vya mashine), ya 4 usiiguse kamwe, na usiyoitambua ihesabu kuwa imehifadhiwa. Yakilaliana, aina iliyo huru ndiyo ishindwe. Mwanzo wa eneo huru upandishe hadi mpaka wa ukurasa wa baiti 4096, mwisho wake ushushe.

Sasa ondoa kurasa zilizobeba kerneli yenyewe na data ya kipakiaji. Ramani ya BIOS haijui umepakia nini wala wapi. Ukisahau, kigawa kitagawa msimbo wako mwenyewe, na mashine itaanguka mbali kabisa na kosa lilipo. Hitilafu ya namna hii hula muda kuliko zote.

Kwenye UEFI (mrithi wa BIOS), ukubwa wa kila kipengele usome kwenye jibu la GetMemoryMap, wito wa kuomba ramani: muundo ni baiti 40, lakini mara nyingi utapewa 48. Kisha ita ExitBootServices (wito wa kuachana na huduma za UEFI) papo hapo; hata kuchapisha neno moja katikati kunaweza kubatilisha ufunguo wa ramani. Ikikataa, chukua ramani upya.

Ukifika kwenye MADT (jedwali la ACPI linaloorodhesha vichakataji) kuvihesabu, angalia biti 0 ya bendera za kila kimoja, la sivyo utahesabu hata visivyokuwapo. Kipengele chenye urefu 0 kikatae, maana kitakuzungusha milele.

Kwenye vichakataji vya ARM64, anwani ya mti wa vifaa (data inayoeleza vifaa vya mashine) huja kwenye rejista x0, kwenye RISC-V huja kwenye a1. Ihifadhi kabla ya kuita fungsheni yoyote ya C. Namba zake zimeandikwa baiti kubwa mbele: usipozigeuza, namba ya utambulisho inayouanza, 0xd00dfeed, itasomeka 0xedfe0dd0.