Maswali ya Wasomaji: Kitenzi "run" na maana zake nyingi

SWALI: Mhariri, ninafanya kazi katika ofisi ya kampuni ya utalii. Tangu shule ya msingi nimejua kwamba "run" ni kukimbia. Hivi karibuni mgeni aliuliza kwa barua pepe kama basi la uwanja wa ndege "runs on Sundays", na siku hiyohiyo meneja akatuandikia "we have run out of paper". Kitenzi hiki kina maana ngapi, na mtu mzima atajifunzaje zote? — Msomaji, Arusha

JIBU: Ulichofundishwa ni sahihi, ila ni sehemu ndogo tu ya neno lenyewe. Wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia upya neno hili walifikisha maana 645 za kitenzi peke yake, mbali na nomino, na kazi hiyo ilimchukua mhariri Peter Gilliver takribani miezi tisa. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, lililotoka mwaka 1989, neno lililoongoza kwa urefu wa maelezo lilikuwa "set". Hesabu hiyo isikutishe, kwa kuwa wanakamusi hutenganisha matumizi ambayo msemaji wa kawaida huyaona kuwa jambo moja.

Tangu Kiingereza cha kale, kitenzi hiki kilitumika kwa watu na kwa maji pia, na ndugu yake wa Kijerumani, "rinnen", mpaka leo maana yake ni kutiririka. Kwa hiyo usiifikirie mbio pekee, bali mwendo wa kitu kinachoendelea bila kukatika: mto unapita bondeni, bomba linatoa maji, mashine inafanya kazi, mkataba unadumu miaka miwili, na duka lina mtu anayeliendesha. Mgeni wako hakuuliza mwendokasi wa basi. Aliuliza kama Jumapili linafanya safari, na hata likitambaa kwenye foleni kutwa nzima bado "it runs".

Ujumbe wa meneja una siri nyingine, nami ningependa uishike zaidi kuliko ile hesabu ya 645. Kiswahili hubadilisha maana ya kitenzi kwa kukinyambua: tuna kimbia, kimbilia, kimbiza na kimbizana, na kila kimoja kinaonyesha uhusiano tofauti baina ya anayekwenda mbio na mwenzake. Kiingereza hakina mnyambuliko wa namna hiyo, hivyo sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na maneno madogo yanayofuata kitenzi. "Run after" ni kumkimbiza mtu, "run to" ni kumkimbilia, na "run away from" ni kumkimbia. Ukiliacha neno dogo umeiacha maana, kama vile mgeni anayesema kimbia akikusudia kimbilia. Wakati mwingine neno dogo hukipeleka kitenzi mbali kabisa na mbio: "run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia, au gari kugonga kitu, na "run over" ni gari kumgonga mtu au kumkanyaga.

Kwa sababu hiyo, usiandike "run" daftarini mwako na kulipangia maana kumi mbele yake. Andika kifungu kizima pamoja na mtenda wake. "We have run out of paper" ni tumeishiwa karatasi, na "the paper has run out" ni karatasi zimekwisha. Tazama jinsi Kiswahili kinavyotofautisha isha na ishiwa pale ambapo Kiingereza kinahamisha mtenda na kuongeza "of". Wengi huisahau "of" hiyo, na sentensi huharibika.

SWALI: Shikamoo mhariri. Katika habari za Marekani ninasikia mtu "is running for president", lakini za Uingereza husema "standing for Parliament". Je, ni jambo moja? — Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa

JIBU: Marahaba. Ni jambo moja, yaani kugombea. Wamarekani hutumia kitenzi cha mbio, na Waingereza kwa desturi hutumia cha kusimama, ingawa wanakielewa vizuri kile cha wenzao. Sisi tuko karibu na Waingereza tunaposema chama kimesimamisha mgombea. Mgombea mwenza, hata hivyo, ni "running mate".

SWALI: Mimi ni muuguzi, na zahanati yetu hupokea watalii. Wanapoeleza maradhi, neno hili linajitokeza kila mara. Naomba ufafanuzi. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwako kosa la tafsiri linaweza kumuumiza mgonjwa, kwa hiyo nitakuwa mwangalifu. Anayesema "I'm running a temperature" ana homa. "A runny nose" ni kutokwa na makamasi, na "a running sore" ni kidonda kinachotoa usaha. Akisema anajisikia "run down", amechoka na mwili umedhoofika, hajagongwa na gari. Daktari akisema "let's run some tests", anataka mgonjwa afanyiwe vipimo.

Palipo na utata ni tumboni. Sisi Afrika Mashariki tumezoea kusema "running stomach", nadhani kwa kufuata tumbo la kuendesha, na wenyeji tunaelewana bila shida. Mtalii kutoka Uingereza huenda asielewe haraka, kwa kuwa kwao husema "the runs", tena katika mazungumzo ya kawaida tu. Mwulize kwa neno la kitabibu, "diarrhoea", ulitumie hilo pia katika kadi ya mgonjwa, kisha andika ameharisha mara ngapi na tangu lini.