Kipimo cha damu baada ya kupandikizwa kiinitete: kwa nini sikikwepi tena

Siku ya kumi na mbili baada ya kupandikizwa kwa mara ya kwanza kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara kisha likawekwa ndani ya mfuko wangu wa uzazi, nilikuwa na miadi ya saa moja asubuhi ya kupimwa mimba kwa damu katika maabara moja ya Upper Hill, Nairobi, na sikwenda. Niliondoka nyumbani Rongai alfajiri kama mtu anayekwenda kupimwa, nikapanda matatu, nikashukia kazini na kukaa mezani kwangu mpaka jioni. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeona matone ya damu, na kipimo cha mkojo nilichonunua duka la dawa kwa shilingi 100 kilikuwa kimetoa mstari mmoja tu, yaani hakuna mimba. Niliona kwamba jibu ninalo tayari, kwa hiyo sikuona haja ya kulipa shilingi elfu mbili na ushei ili nichomwe sindano na kuambiwa tena kile nilichokwisha kukiona bafuni. Jioni hiyo niliacha dawa ya projesteroni, homoni inayoilinda mimba changa, bila kumuuliza mtu.

Tangu hapo nimeulizwa mara kadhaa, na wanawake walio katika wiki zile mbili za kusubiri jibu baada ya kupandikizwa, kama kuna ulazima wa kipimo cha damu ilhali kipimo cha mkojo kipo na ni rahisi. Jibu langu ni kwamba, ukiwa umepandikizwa kiinitete, nenda ukapimwe damu siku ileile uliyopangiwa, hata kama umetoka damu, hata kama mkojo umesema hapana, na ukiambiwa urudi baada ya saa 48, urudi. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu mimi mwenyewe niliambiwa hivyo bila kuelezwa, na agizo lisilo na maelezo ni rahisi kulikwepa.

Nianze na sababu ya kukwepa. Waswahili husema mficha uchi hazai, na mimi nilidhani msemo huo haunihusu, kwa kuwa kwa miaka minne nilikuwa nimevua kila nilichoambiwa nivue mbele ya kila daktari. Uchi sikuuficha. Nilichoficha asubuhi ile ni mkono. Kipimo cha mkojo nilikitupa kwenye pipa la taka na bado nikabaki na upenyo mdogo wa kujiambia kwamba pengine kimekosea, lakini namba ya maabara isingeniachia upenyo huo. Ndiyo maana, ninaposikia mtu ambaye amekwisha kulipia matibabu mamia ya maelfu ya shilingi akisema kwamba anaogopa gharama ya kipimo hiki cha mwisho, huwa ninaamini kwamba ananiambia nusu tu ya ukweli, na sina haki ya kumlaumu.

Hasara ya kukwepa niliiona miezi miwili baadaye, tulipokaa na daktari kupanga jaribio la pili. Aliniuliza swali moja: kiinitete kilijishikiza kisha kikatoka, au hakikujishikiza kabisa? Hayo ni mambo mawili tofauti, na kila moja humwelekeza daktari atazame mahali pengine. Sikuwa na la kumjibu. Kisha akaniuliza ni siku gani hasa niliacha projesteroni, na nilipomwambia, akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea kuandika. Kiinitete changu kilikuwa kimegandishwa na mzunguko mzima uliendeshwa na dawa, maana yake ovari zangu hazikuwa zikitengeneza projesteroni ya kutosha kuilinda mimba changa. Kama kilikuwa kimejishikiza, basi mimi ndiye niliyekiondolea tegemeo lake. Matone ya damu hayakuwa ushahidi wa lolote, kwa sababu wanawake wengi wanaotumia dawa za kuingiza ukeni huona matone hata wakiwa wajawazito. Kuchelewa kwa hedhi pia si dalili, wala maziwa kuuma na tumbo kujaa, kwa kuwa projesteroni yenyewe huyaleta hayo yote.

Kinachotafutwa katika damu ni homoni iitwayo hCG, ambayo hutengenezwa na seli za nje za kiinitete, zile zitakazokuja kuwa kondo la nyuma, na huanza kuonekana katika damu ya mama pale tu kiinitete kinapojishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Maabara huiandika kwa namba. Kwa kawaida, chini ya 5 huhesabiwa kwamba hakuna mimba, zaidi ya 25 huhesabiwa kwamba ipo, na katikati hapo hakuna anayeweza kukuambia kitu mpaka urudie. Vipimo vingi vya mkojo vya dukani huanza kuonyesha mstari wa pili homoni ikifika 25 hivi, tena iwapo mkojo haujazimuliwa na maji mengi uliyokunywa. Kwa hiyo mwanamke mwenye 14 au 20 ataona mstari mmoja na kuamua kwamba mambo yamekwisha, kama nilivyoamua mimi.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo linaumiza zaidi. Wanaotolewa mayai mara nyingi hudungwa sindano ya kuyakomaza saa 36 hivi kabla ya kutolewa, na sindano hiyo aghalabu ni hCG yenyewe, yuniti 5,000 au 10,000, ambayo huweza kubaki mwilini kwa siku kumi hadi kumi na nne. Dada mmoja tuliyekuwa tukikutana naye kwenye foleni ya kliniki alipima mkojo siku ya nne baada ya kupandikizwa, akaona mistari miwili, akapiga picha na kuwatumia ndugu zake wote. Alichokuwa akikiona ni masalio ya sindano. Siku ya tarehe yake ya damu ilipofika alikuwa na kazi mbili, kupokea habari mbaya na kuwaeleza watu kumi na wanane kwamba hakuwa amewadanganya.

Niruhusu nitoke njiani kidogo. Kati ya miaka ya 1930 na 1960, hospitali za Ulaya na Marekani zilipima mimba kwa kumdunga chura wa kusini mwa Afrika mkojo wa mwanamke, na chura akitaga mayai ndani ya siku moja, jibu ni ndiyo. Chura hakujua kuhesabu. Shida ya vipimo vilivyofuata ni kwamba vilichanganya hCG na homoni ya kupevusha yai, kwa kuwa zinafanana sana, hadi mwaka 1972 Judith Vaitukaitis na wenzake nchini Marekani walipochapisha njia ya kupima kipande kimoja tu cha hCG, kiitwacho beta, ambacho ndicho kinachoitofautisha. Ndiyo maana karatasi yako ya maabara imeandikwa beta hCG, neno lililonitisha nilipoliona mara ya kwanza kama vile ni jina la ugonjwa.

Jaribio la pili nilikwenda. Ilikuwa Jumanne, tarehe 18 Oktoba, na jibu lilifika kwa barua pepe saa tisa alasiri nikiwa katikati ya mkutano: 61. Nilitoka nje, nikampigia mume wangu, na kabla sijamaliza kulia yeye alikuwa amekwisha kumpigia mama yake. Muuguzi wa kliniki alifurahi pamoja nami kwa sauti iliyopimwa, kisha akasema neno ambalo ningependa kila mmoja alishike: namba moja ni mlango tu, tunasubiri ya pili. Katika mimba inayokwenda vizuri, homoni hii hukaribia kujizidisha mara mbili kila baada ya saa 48 katika wiki za mwanzo. Si lazima ifike mara mbili kamili. Pale namba ya kwanza ilipo chini ya 1,500, madaktari hutarajia iongezeke angalau kwa asilimia 49 hivi, na ikipungukiwa hapo huanza kuwa macho.

Yangu ya pili ilikuwa 84, yaani ongezeko la asilimia 38. Niliporudia siku chache baadaye ilikuwa imepanda tena kwa mwendo uleule wa kobe, haishuki kama mimba inayotoka, wala haipandi kama mimba inayokua. Hayo ndiyo ambayo kipimo cha mkojo hakiwezi kamwe kukuambia, kwa sababu chenyewe kingetoa mistari miwili myekundu kila asubuhi, na mimi ningekuwa ninanunua nguo za mtoto Eastleigh. Nilifuatiliwa kwa damu na altrasaundi, na namba ilipofika 1,090, altrasaundi iliuonyesha mfuko wa uzazi ukiwa mtupu na uvimbe mdogo kando ya mrija wa uzazi wa kulia. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Niliuliza, kwa hasira, inawezekanaje, ikiwa kiinitete kiliwekwa ndani ya mfuko wa uzazi nami nikikitazama kwenye skrini. Inawezekana, kwa sababu kiinitete huelea siku kadhaa kabla ya kujishikiza na kinaweza kutangatanga hadi kwenye mrija. Mimba ya namna hii ikiachwa huweza kuupasua mrija, na damu inayovuja ndani ya tumbo huua. Kwa kuwa yangu ilijulikana mapema, sikufanyiwa upasuaji, bali nilidungwa methotrekseti, dawa inayozuia seli za mimba zisiendelee kugawanyika. Damu ilipimwa tena siku ya nne na ya saba baada ya sindano. Siku ya nne namba ilikuwa imepanda, nikadhani dawa imeshindwa, ingawa nilikuwa nimeonywa kwamba hutokea. Kinachotazamwa ni kama imeshuka kwa asilimia 15 au zaidi kati ya siku hizo mbili, na yangu ilishuka. Kisha nikapimwa kila wiki mpaka ikawa chini ya 5, na daktari akatutaka tusubiri angalau miezi mitatu kabla ya kujaribu tena.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufunga safari kutoka Machakos na kuku wawili. Tulimweleza, akalia, na kuku tukawala hivyohivyo.

Kuhusu utaratibu wenyewe, mambo machache yalinigharimu kuyajua. Rudia kipimo katika maabara ileile, kwa kuwa mashine tofauti huweza kutoa namba tofauti kidogo kwa damu moja, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukuvuruga unapotafuta ongezeko. Tazama kalenda mapema: marudio yangu yaliangukia tarehe 20 Oktoba, sikukuu ya Siku ya Mashujaa, na tawi nililozoea lilifungwa, ikabidi nipige simu huku na huku kutafuta tawi lao kuu lililokuwa wazi. Huhitaji kufunga kula. Ikiwa unameza vidonge vya kukuza nywele na kucha, waambie, kwa sababu biotini ya kiwango kikubwa huweza kuivuruga mashine na kuifanya ionyeshe homoni kidogo kuliko iliyopo. Na usilinganishe namba yako na ya mwenzako katika kundi la WhatsApp, ambako 61 ya mmoja ni pacha na 300 ya mwingine ni huzuni.

Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu kwenye ncha ya bega hayasubiri tarehe ya kipimo. Hayo ni ya kwenda hospitali usiku uleule.

Sisemi kwamba kila aliyetibiwa ugumba anahitaji damu. Mwanamke aliyepewa vidonge tu vya kupevusha mayai, kama klomifeni au letrozoli, bila sindano ya hCG, na ambaye hana historia ya mimba kutunga nje wala upasuaji wa mirija, anaweza kusubiri hedhi ichelewe kisha apime mkojo nyumbani, na jibu lake likaaminika vya kutosha. Wala simlaumu anayeomba kliniki isogeze tarehe kwa siku moja ili asipokee jibu siku ya mazishi au ya mtihani wa mwanawe. Ila tarehe isogezwe kwa kupanga na kliniki, na dawa ziendelee kutumika hadi kliniki yenyewe iseme ziachwe.

Kiinitete kimoja kimebaki kwenye barafu, na mwezi ujao tunakirudisha. Nimekwisha kuhesabu: damu ya kwanza itakuwa Jumanne, ya pili Alhamisi, na hakuna sikukuu katikati. Namba ya simu niliyoacha maabara mara hii si yangu bali ya mume wangu, ambaye atakuja kuniambia ana kwa ana jioni nikiwa nimekwisha kuvua viatu, na ambaye ameapa hatapiga simu Machakos kabla ya Alhamisi usiku.