Baiskeli ya mtumba kwa laki tatu, Kimara–Kariakoo na baadaye Lushoto: anza na ubavu wa tairi

Mkuu mleta mada, nimeusoma uzi wako mara mbili kwa sababu na mimi nilikuwa na swali hilohilo mwaka 2016. Unakaa Kimara, kibarua kiko Kariakoo, una laki tatu, umechoka kugombania mabasi ya mwendokasi asubuhi, na unataka baiskeli moja ikupeleke kazini siku za wiki halafu mwakani ikufikishe Lushoto. Wadau waliotangulia wamekushauri sana habari za gia, mara 18, mara 21. Nakuomba gia uziweke pembeni kwanza. Ukifika kwa muuzaji, inama usome namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Mimi nilijifunza hilo barabarani, jua la saa saba likiniwakia, na nisingependa likukute.

Baiskeli yangu ya kwanza ya ukubwani ilikuwa mtumba wa Japani. Unazijua: kikapu mbele, dinamo inayosugua tairi, kufuli la duara kwenye fremu, na kistika cha usajili chenye maandishi ya Kijapani. Niliinunua 180,000. Ndani ya habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu, mlikuwa na gia 3, na mwaka mzima sikuifanyia kitu zaidi ya kutia mafuta kwenye mnyororo. Niliipenda sana baiskeli ile. Matairi yake yaliandikwa 27 × 1 3/8 na sikuwahi kujiuliza maana yake, kwa sababu Dar ukizunguka vya kutosha utapata kila kitu.

Nikafunga begi kwenye keria, nikaondoka kwenda Lushoto. Nimeshapita Segera, naitafuta Korogwe, nikakwepa lori nikashuka kwenye kokoto, na jiwe likauchana ubavu wa tairi la nyuma, urefu wa kidole gumba. Nikasukuma hadi kwa fundi aliyekuwa chini ya mwembe. Juu ya kichwa chake yalining'inia matairi ya aina mbili tu: 28 × 1½ ya baiskeli aina ya Phoenix na Hero, na 26 ya baiskeli za mlima. Alijaribu lile la 28. Kwa macho lilionekana kukaa. Akaanza kupiga pampu, mimi nimeshika gurudumu, na mbele ya macho yangu tairi likaanza kupanda upande mmoja wa rimu, tyubu ikachungulia kama kitambi, kisha ikapasuka kwa mlio uliowashtua kuku.

Yule mzee hakukata tamaa. Alikata kipande cha tairi kuukuu, akakisugua kwa msasa, akakiweka kwa ndani pale palipochanika, halafu akachukua sindano ya kushonea viatu na uzi wa nailoni akaushona ubavu ule kwa mishono ya kupishana, akikaza kila mshono kwa koleo. Ilimchukua karibu saa nzima. Tairi lilinifikisha Mombo likiruka kila mzunguko, nup, nup, nup, na pale Mombo, nikiitazama milima ya Usambara kwa macho, nikapakia baiskeli kwenye buti la basi nikarudi nyumbani.

Tatizo lenyewe ni hili. Karibu na ile namba ya inchi huwa kuna namba nyingine yenye kistari katikati. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia, zote kwa milimita. Tairi langu la 27 lilikuwa 37-630. Lile la 28 × 1½ ni 40-635. Milimita 5 tu, lakini zinatosha tairi kutema tyubu. Na kuna mtego mkubwa zaidi kwenye "26", kwa sababu ziko 26 za aina mbili ambazo hazibadilishani hata kidogo: 26 × 1 3/8 ya baiskeli nyingi za Japani ni 590, na 26 × 1.95 ya baiskeli za mlima ni 559. Muuzaji atakwambia "zote ni namba 26 bosi." Si kweli, wewe angalia ile namba ya pili. Zile nyembamba za mbio na nyingi za kisasa ni 622.

Kwa hiyo ushauri wangu: kwa matumizi yako tafuta 559. Yaani baiskeli ya mlima ya zamani, fremu ya chuma, isiyo na springi mbele, au kama ipo iwe imara. Tairi na tyubu zake nimezikuta katika kila mji mdogo niliopita, na fremu ya chuma ikivunjika hata mchomeleaji wa mageti ataiunga. Phoenix ya 635 ni chaguo la heshima pia, na vijijini ndiyo mfalme wa spea, ila kwa mlima wa Lushoto utaisukuma kwa mikono. Hesabu ni nyepesi: Phoenix inakusogeza zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Baiskeli ya mlima ikiwa kwenye gia ndogo kabisa, meno 28 mbele na 28 nyuma, inakusogeza mita 2 tu. Ukiwa na begi juu ya keria na mlima mbele, hizo mita 2 utazishukuru.

Sasa ukaguzi. Usiende jioni. Nenda mchana, na rula ya sentimita 31 mfukoni. Kwanza tazama fremu pale bomba la juu na la chini yanapokutana na bomba la usukani. Pitisha kidole chini yake taratibu. Rangi ikiwa imekunjamana, au ukihisi kiuvimbe, baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso. Iache hata ikiwa bei nzuri. Geuza baiskeli miguu juu usome namba ya fremu chini ya krenki, pale mikono ya pedeli inapofungwa. Ikiwa imesagwa kwa tupa, ondoka bila kubishana. Inua gurudumu ulizungushe ukitazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Kuyumba kidogo ni kazi ya spoku, fundi atanyoosha, lakini kuruka juu-chini ni rimu iliyopigwa. Gusa pia ubavu wa rimu: ukiwa umebonyea kama sahani, breki zimeshaula. Shika mkono wa krenki uusukume ndani-nje. Ukicheza, gololi zimekwisha au kikombe chake kimelegea. Vuta siti ipande na kushuka, kwa sababu bomba la siti lililoganda kwa kutu halitoki bila vita.

Mnyororo upime kwa rula. Hatua 24 za mnyororo mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 304.8. Ukikuta 306 na nusu hivi, unaelekea mwisho. Ikifika 308 umekwisha, na mara nyingi umeshakula na meno ya nyuma, kwa hiyo ondoa kwenye bei gharama ya vyote viwili. Muuzaji mmoja aliponiona nimetoa rula alipunguza elfu thelathini kabla sijasema neno.

Jambo dogo ambalo limewagharimu wengi: baiskeli za Japani na za India hutumia valvu ile yenye kipira chembamba kama mrija ndani. Kipira kikizeeka upepo unatoka usiku kucha, na mtu anahangaika kutafuta pancha isiyokuwepo. Kabla hujatoa tairi, tia mate kwenye mdomo wa valvu. Povu likitokea, badilisha kipira, kazi ya dakika mbili. Mimi hutembea na vinne kwenye kichupa cha dawa.

Kuhusu karatasi, usione aibu. Muuzaji akiwa mtu binafsi, andikeni mauziano, jina, namba ya kitambulisho, namba ya fremu, mashahidi wawili, na ikibidi mpite kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mgonge muhuri. Mwaka 2019 rafiki yangu alisimamishwa na mtu aliyedai baiskeli ni yake. Ile karatasi ndiyo iliyommalizia kesi pale pale.

Kununua vifaa vilivyotumika kwa waendesha baiskeli wenzetu ni raha yangu kubwa, maana kwa hela ya keria moja ya dukani nimewahi kupata keria, mabegi mawili ya pembeni na taa. Lakini kuna mtu, simtaji, aliniuzia keria kwa picha. Nikatuma hela kwa simu, mzigo ukaja kwa basi, nikafungua nikakuta kiungo kimechomelewa kikapakwa rangi nyeusi mbichi. Nilipompigia alikuwa ameshanizuia. Tangu hapo situmi hela kabla ya kuona, na mwenzangu akiwa mkoani naomba video akipinda kitu chenyewe kwa mikono. Na mimi nikiuza nasema kasoro kwanza, bei baadaye. Helmeti iliyowahi kuanguka na mtu usiinunue wala usimuuzie mwenzako, hata kama kwa nje haina mkwaruzo. Lile povu la ndani likishabonyea mara moja halina kazi tena, na ufa wake mara nyingi hauonekani.

Kimara kwenda Kariakoo haizidi kilomita 15 na asubuhi umejaliwa, mteremko mrefu hadi Ubungo. Tumia njia ya pembeni ya watembea kwa miguu na baiskeli iliyojengwa pamoja na mwendokasi, lakini usiiamini kabisa. Manzese kuna meza za biashara na bodaboda wanaokuja kinyume, kwa hiyo pale punguza mwendo, piga kengele, salimia. Usiingie hata siku moja kwenye barabara ya mabasi yenyewe. Mvua kubwa ikinyesha, uliza habari za Jangwani kabla hujatoka, maji yakijaa pale hakuna baiskeli inayopita. Jioni mlima wa kurudi Kimara utakuumiza wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo utashangaa mwili wako. Beba shati la kazi kwenye mfuko, ufike mapema, ujifute, uvae.

Safari anza na ndogo. Vuka kivuko cha Magogoni Jumapili asubuhi, Kigamboni, Mjimwema, hadi Kimbiji na kurudi. Ukiiweza bila kuumwa mgongo, nenda Bagamoyo, lala, urudi kesho yake.

Lushoto usipitie Kibaha na Chalinze, malori ni mengi mno. Mimi safari ya pili, na baiskeli ya 559, nilipita Bagamoyo, kisha barabara ya lami ya Msata, kilomita 64 zenye magari machache na hewa safi. Msata ndipo unaingia barabara kuu ya kaskazini: Wami, Mbwewe, Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, Mombo. Hapo weka kioo cha pembeni kwenye usukani, vaa rangi inayoonekana, na basi likikujia kwa nyuma huku lori linakuja mbele, wewe shuka kwenye kokoto mapema. Nilikuwa naondoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa tano nimeshasimama kivulini na chai na chapati. Baada ya Segera, nikiliona shamba la mkonge, nilikuwa nalikumbuka lile tairi lililoshonwa.

Nenda Juni hadi Septemba. Masika yamekwisha, na kusi inakusukuma mgongoni njia nzima ya pwani. Ukienda Januari utapambana na kaskazi usoni, na upepo ni mlima usioisha.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na barabara inapanda takriban mita 1,000. Niliipanda kwa saa nne na nusu, nikapumzika Soni kwenye ukungu nikiwa natetemeka kwa baridi ambayo sikuitegemea, kwa hiyo beba sweta. Kushuka ndiko kunakohitaji akili. Usikamate breki moja kwa moja hadi chini. Bana, achia, bana, achia, mbele na nyuma kwa kupokezana, usimame uguse rimu: ikikuchoma, ngoja ipoe. Rimu ya moto inapasua tyubu.

Njia ya Iringa nayo wengi wanaiulizia. Kile kipande cha Mikumi kinakatiza ndani ya hifadhi kama kilomita 50, na wanyama wanavuka. Hapo pandisha baiskeli kwenye basi.

Niambie urefu wako, na ukisimama bila viatu, kutoka sakafuni hadi kinenani ni sentimita ngapi, ndipo tujue fremu ya ukubwa gani. Jumamosi huwa nazunguka mitaa ya Gerezani, pale karibu na Kariakoo, kutafuta spea. Ukitaka njoo, rula ninayo. Nina pia matairi mawili ya 26 × 1.75, yote 559, yametembea miezi sita, moja lina mkato mdogo juu ambao haujafika kwenye nyuzi. Sitaki hela. Nabadilishana na dinamo nzima ya Kijapani au pampu ya mguu inayoshika upepo.