Maswali na majibu: Premio inakula mafuta, fundi anataka kutoa masega

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Premio ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, cc 1490, gia otomatiki. Nilipoitoa bandarini miaka mitatu iliyopita ilikuwa inanipa kilomita 12 hadi 13 kwa lita, Kimara mpaka Posta na kurudi, foleni zikiwamo. Sasa hazifiki 9. Mdomo wa eksozi umejaa masizi meusi, na asubuhi nikiwasha kuna harufu kali ya petroli. Mke wangu analalamika kichwa kinamuuma tukiwa safarini. Plagi nimebadilisha, nozeli zinazopulizia petroli kwenye injini zimesafishwa mara mbili, taa ya chek injini haiwaki. Fundi wangu anasema masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye eksozi, yameziba, yatolewe, na yupo mtu tayari kuyanunua. Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika: mwaka jana gari lilichemsha, thamostati ikatolewa, nikaambiwa kwa nchi ya joto kama yetu haihitajiki. Tangu hapo halijachemsha tena. Je, niyatoe masega?

JIBU: Usiyatoe, ndugu yangu. Na hilo ulilolitaja mwishoni, ukidhani huenda halihusiki, ndilo ningeanza nalo kama gari lingekuwa gerejini kwangu.

Kabla ya yote, kichwa cha mama. Harufu ya petroli mnaisikia, lakini moshi wa gari lisilochoma vizuri una pia kabonimonoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni kichwa kuuma. Leo hii gari lipandishwe juu, fundi akague eksozi yote kuanzia kwenye injini hadi nyuma, atafute palipotoboka au gasketi inayovuja. Mpaka hilo lifanyike, tembeeni vioo vikiwa wazi, na msiwashe injini ndani ya banda lililofungwa hata kwa dakika mbili.

Sasa thamostati. Ni mlango mdogo unaofunguliwa na joto. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa. Maji yanazunguka ndani ya injini peke yake, hayapiti kwenye rejeta, ili yapate moto upesi. Kwa 1NZ mlango huanza kufunguka maji yakifika kati ya nyuzi 80 na 84. Anayesema nchi ya joto haihitaji kitu hiki anachanganya joto la hewa na joto la injini. Dar ikifika nyuzi 33 sisi tunatafuta kivuli, ila kwa injini hiyo bado ni baridi kali. Mlango usipokuwepo, maji yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na ukishika barabara wazi upepo unayapoza zaidi ya inavyotakiwa.

Kompyuta ya gari haijui kwamba mlango umetolewa. Ina sensa inayoiambia joto la maji, nayo inaiamini. Ikiambiwa injini bado ni ya baridi, inaongeza petroli, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini ya baridi. Inapandisha pia mizunguko ya injini gari likiwa limesimama. Na kwa kuwa lako ni otomatiki, inachelewa kuruhusu gia ya juu, hivyo unakwenda mwendo uleule kwa mizunguko mingi zaidi. Mambo hayo yangepaswa kwisha baada ya dakika chache za kwanza. Kwako yanaendelea sehemu kubwa ya safari. Masizi unayoyaona ni petroli iliyokosa hewa ya kutosha ya kuungua nayo: kwa kila gramu moja ya petroli injini inataka karibu gramu 14.7 za hewa, na ikipungukiwa, kinachobaki kinatoka nyuma kikiwa cheusi. Taa ya chek injini inaweza isiwake hata siku moja, maana kwa macho ya kompyuta hakuna kilichoharibika. Imeambiwa ni baridi, ikafanya kazi ya baridi.

Jihakikishie mwenyewe. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe, kisha gusa bomba la chini la rejeta, mikono ikiwa mbali na feni. Penye thamostati nzima bomba hilo hubaki la baridi kwa dakika kadhaa, halafu linapata moto. Pasipo nayo linapata joto polepole sambamba na injini. Ukiwa barabarani tazama mshale wa joto: ukifika kwenye foleni ya Ubungo unapanda, foleni ikifunguka unashuka. Mwisho, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, ujue inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili, basi mwage oili hiyo hata kama kilomita zake hazijatimia.

Nunua thamostati mpya, na kabla haijafungwa mwombe fundi aipike. Sisemi mzaha, kwangu hakuna inayofungwa bila kupikwa. Tunaifunga uzi, tunaininginiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto, isiguse kitako. Maji yanaanza kutoa vipovu vidogo, bado imefumba. Kwenye 81 au 82 unauona mwanga mwembamba kama uzi ukingoni mwa bati la mlango, na kufika 95 mlango uko wazi kabisa. Nimewahi kupika tatu kutoka boksi moja, moja ikafunguka, mbili zikabaki zimefumba maji yakitokota. Bila shaka ni vifaa vya namna hiyo vilivyowafanya mafundi wengi waichukie thamostati: inafungwa mbovu, gari linachemsha, inatolewa na kutupwa. Lako nalo lilichemsha kwa sababu fulani, na sababu hiyo huenda bado ipo. Kagua mfuniko wa rejeta, feni inawaka wakati wake au la, na kama ndani mna maji ya bomba badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Ukirudisha mlango bila kuyatazama hayo unaweza kuchemsha tena na kuisingizia thamostati.

Turudi kwenye masega. Lile ni jiwe la kauri lenye vitundu vidogo mno, limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndiyo maana mnunuzi amepatikana haraka hivyo. Moshi ukipita humo likiwa limeshapata moto, kuanzia nyuzi 250 au 300 hivi, kabonimonoksaidi na petroli isiyoungua vinageuzwa kuwa hewa ukaa na mvuke wa maji. Ukiliondoa, sumu ileile ambayo huenda tayari inaingia ndani ya gari lenu itaongezeka maradufu na zaidi, na ulaji wa mafuta hautashuka, kwa kuwa jiwe hilo halipangi petroli inayoingia. Linapokea tu uchafu wa waliotangulia. Linaweza kweli kuwa limeziba, sikatai: petroli nyingi ikiungulia ndani yake huliyeyusha. Lakini hilo hupimwa. Sensa ya oksijeni ya mbele, inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, inafunguliwa, geji ya presha inafungwa kwenye tundu lake, injini inapigwa resi kidogo. Presha ikipanda sana, limeziba, utafute jingine zima. Isipopanda, aliyekuambia limeziba alikuwa anakisia.

Sensa hiyo ikiwa mkononi itazameni, kwa kuwa imekula masizi mwaka mzima. Mashine ya kupima itaonyesha kama inachezacheza upesi injini ikiwa ya moto au imezubaa. Ikizubaa, ibadilishe. Kusafisha nozeli mara ya tatu hakutakusaidia.

Mengine ni ya dakika chache. Eya klina, yaani chujio la hewa, uitazame kwenye mwanga wa jua. Kama umewekewa oili nzito ya 20W-50, rudi kwenye nyepesi ya 5W-30. Upepo wa tairi ufuate kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kikisema 220 kPa, hiyo ni psi 32 hivi, na upimwe tairi zikiwa za baridi. Na kama una desturi ya kuacha gari likiunguruma robo saa kila asubuhi, iache. Nusu dakika inatosha, kisha ondoka taratibu.

Usipime kwa kuangalia mshale wa mafuta. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, weka tripu, yaani kihesabu cha kilomita za safari, kwenye sifuri, tembea kilomita 300 hivi za safari zako za kawaida, rudi sheli ileile ujaze tena. Ukisoma kilomita 312 na zimeingia lita 36.5, gawanya: 8.5 kwa lita. Fanya hivyo kabla ya matengenezo na baada yake. Kutoka 8.5 kurudi 12.5 ni karibu lita 4 unazookoa kila kilomita 100, na kwa kuwa lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, ni karibu kilo 9 ambazo hazitoki kwenye eksozi yako.

Kilomita 200 baada ya thamostati kufungwa, toa plagi moja uiangalie ncha. Sasa hivi naamini ni nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole. Ukikuta imeanza kuwa ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, endelea na safari. Ikibaki nyeusi, niandikie usomaji wa sensa ya oksijeni na wa sensa ya joto la maji injini ikiwa ya moto, tuendelee kutoka hapo.