Bawa la nyuma likae wapi?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi natengeneza boti za faiba huku Nungwi. Kaka yangu anaishi Dubai, ana Toyota GT86 ambayo siku za mapumziko huenda kuikimbiza Dubai Autodrome, uwanja wa mbio za magari. Amefunga bawa kubwa nyuma, lile la kuifanya hewa iikandamize gari chini. Anasema kona za polepole gari inakata vizuri, lakini za kasi pua haitaki kuingia, inasukuma kwenda nje. Anataka nimtengenezee miguu mirefu zaidi, bawa lirudi nyuma "lishike barabara". Sasa hivi kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi katikati ya bawa ni mita 1.05. Nimtengenezee?

JIBU: Waalaykum salaam. Usimtengenezee, au utamzidishia maradhi yale yale.

Ngalawa unaijua kuliko mimi: watu wakirundikana tezi, omo inanyanyuka. Bawa lililokaa nyuma ya ekseli haliongezi uzito kwenye matairi ya nyuma tu, linayapunguzia na ya mbele.

Tupige hesabu. Tuseme gari ikiwa kilomita 160 kwa saa, bawa linakandamiza kilo 60. GT86 ina mita 2.57 kati ya ekseli na ekseli. Zidisha 60 kwa 1.05, gawa kwa 2.57: matairi ya mbele yamepoteza kilo 24 na ushei. Bado upepo unalisukuma bawa kwa nyuma. Ukiwa wa kilo 9, na bawa liko mita 1.2 juu ya ardhi, mbele zinaondoka kilo 4 nyengine. Kwa hiyo nyuma imepata kama kilo 89, yaani zile 60 pamoja na 29 zilizotoka mbele. Gari yenyewe imeumbwa na uzito zaidi mbele, takriban asilimia 53, halafu pale pale ndipo anapopanyang'anya.

Kwa nini kona za polepole hasikii kitu? Nguvu ya hewa inakwenda kwa mraba wa kasi. Ikishuka hadi kilomita 80, zile kilo 60 zinakuwa 15 tu. Hapo gari inaongozwa na matairi na springi, na anasema ziko sawa. Ingekuwa inasukuma hata kona za polepole, ningekwambia muache bawa, mtazame matairi ya mbele na alaimenti kwanza. Maelezo yake yananitosha kulaumu hewa.

Dawa ya kwanza haina gharama: alaze bawa. Apunguze pembe digrii mbili, azunguke, asikilize, apunguze tena. Hukunitajia pembe aliyoweka, ila wengi wanaipandisha mno. Bawa la kipande kimoja likipita kama digrii 12 au 15 dhidi ya upepo wenyewe, hewa inabanduka upande wa chini na anabaki kuburura mzigo. Abandike vipande vya uzi wa sufi chini ya bawa, rafiki yake amrekodi kutoka gari ya pembeni. Uzi uliolala umenyooka, salama. Unaopepesuka na kugeuka mbele, pembe imezidi. Aangalie zaidi katikati, maana hewa inayotoka juu ya paa inashuka na kioo cha nyuma, kwa hiyo pembe ya katikati si sawa na ya ncha.

Kulisogeza mbele sentimita 30 kunamrudishia kama kilo 7 kwenye pua. Si haba, lakini si muujiza.

Kazi yako hasa iko mbele: splita, kile kibao kinachotokeza chini ya bampa. Kikitoa kilo 30 kikiwa sentimita 80 mbele ya ekseli, matairi ya mbele yanapata kama 39, ya nyuma yanatoa 9. Mzani unarudi bila kulipoteza bawa. Kiwe kigumu, kisimamiwe na fimbo za chuma juu. Kikipinda, atapata nguvu leo na kesho hana.

Miguu ya bawa usiifanye ya faiba tupu. Tumia bamba la alumini, bolti zipite kwenye mbavu za ndani za buti, na chini yake uweke bamba jengine la kutawanya mzigo. Bati la buti peke yake ni jembamba. Mwaka 1969, kwenye Formula One pale Montjuïc, Barcelona, mabawa marefu ya gari mbili za Lotus, za madereva Graham Hill na Jochen Rindt, yalikatika na gari zote mbili zikagonga kingo za barabara. Mbio zilizofuata, Monaco, mabawa ya namna ile yakapigwa marufuku. Na hao walikuwa na mainjinia wao.

Ukiweza, miguu ilishike bawa kwa juu. Upande wa chini ndio unaofyonza, kwa hiyo uache laini bila kizuizi, na upige msasa kama unavyopiga boti.

Splita ikate vipande viwili vya kuunganishwa kwa bolti katikati. Nzima itavunjika njiani kabla haijafika Dubai.