Hiyo bodi ya soketi mbili, usiilipie bado

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina ofisi ndogo ya upimaji ardhi hapa Arusha, tuko watu watano. Picha za droni tunazichakata kwa WebODM, programu inayounganisha picha kuwa ramani. Kazi ya picha 500 inaisha vizuri, lakini tukifika picha 2,000, kompyuta yetu yenye RAM ya GB 64 inakesha, kisha asubuhi tunakuta kazi imekatika njiani. Kuna muuzaji Kariakoo ana mazabodi ya soketi mbili iliyoandikwa X99, pamoja na prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4. Anasema nikifunga hiyo nitasahau shida. Ningependa mashine hiyohiyo iwe seva ya mafaili ya ofisi, na tuchoree AutoCAD humo. Nichukue? Na kama si hiyo, kwenye bodi ya prosesa mbili nitazame nini?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kabla ya pesa kutoka mfukoni, fungua kwanza logi (maandishi ya mwenendo) ya kazi moja iliyokufa, ushuke hadi mistari ya mwisho. Ukikuta namba 137, basi hukukosa prosesa, ulikosa RAM. Linux ikiishiwa RAM kabisa huchagua programu ya kuiua, na kwa kawaida hiyo ni ile iliyojaza RAM kuliko wenzake. Usiku ule, nani mwingine kwenye mashine yako angekuwa amejaza kuliko WebODM? Wenyewe wa OpenDroneMap, ambayo ndiyo injini iliyo chini ya WebODM, wanakadiria GB 64 kwa picha kama 1,500 na GB 128 kwa picha 2,500. Wewe ulikuwa na 2,000 juu ya GB 64. Ilikuwa lazima ikatike.

Kwa hiyo swali la bodi ni swali la RAM kwanza. Xeon E5 v4 kila moja ina chaneli nne za RAM, yaani njia nne za kuifikia, na bodi nzuri ya soketi mbili huipa kila prosesa sloti nane, jumla 16. Ukiweka vijiti vya GB 16 kila sloti unafika GB 256, na vijiti vya ukubwa huo vilivyotoka kwenye seva ndivyo rahisi kuvipata. Lakini nisikufiche: bodi ya soketi moja yenye sloti nane nayo inafika GB 256 kwa vijiti vya GB 32. Soketi ya pili inakuongezea viini (cores) 14 juu ya 14 ulivyo navyo, basi. Hatua za kulinganisha picha na kujenga wingu zito la nukta, yaani nukta nyingi zinazochora umbo la ardhi, zitavitumia viini vyote hivyo. Zipo hatua nyingine zinazokwenda na kiini kimoja huku vingine 27 vimekaa vinatazama, kwa hiyo usitarajie muda kukatika nusu kwa nusu.

Kwa kazi yako mimi ningekubali soketi mbili, kwa sababu picha zenu zitaongezeka na hizo prosesa za mwaka 2016 sasa zinauzwa kwa bei ya kutupa. AutoCAD iondoe kwenye hesabu hii. Kuchora kunategemea zaidi kiini kimoja chenye mbio, na E5-2680 v4 ikijikamua sana inafika GHz 3.3. Core i5 ya miaka ya karibuni itaipita bila kutoka jasho. Wachoraji wabaki na kompyuta zao za mezani, hii iwe seva tu, ikae pembeni bila skrini, na uifunge Linux. Ukishikilia Windows, jua kwamba toleo la Home linatambua soketi moja tu. Nimeletewa mashine ambayo mwenyewe alidai prosesa ya pili imekufa, kumbe nzima kabisa, Windows ndiyo ilikuwa haiihesabu. Unatakiwa uwe na Pro.

Sasa hiyo X99. Chipuseti (chipu ya bodi inayoiunganisha prosesa na vifaa vingine) iliyoitwa X99 na Intel ilikusudiwa bodi za soketi moja; ya soketi mbili za kizazi hicho ni C612. Bodi nyingi za soketi mbili zenye maandishi ya X99 zimeundwa upya kwa chipu zilizotolewa kwenye mashine nyingine, na maandishi yale ni jina la sokoni tu. Sisemi ni takataka. Kijana anayejifunzia nyumbani atafurahi nayo. Wewe una mteja anayesubiri ramani Ijumaa, na siku BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, ikigoma hutapata mwongozo wala toleo jipya, utabaki na video za YouTube. Kati ya hiyo na bodi ya Supermicro ya C612 iliyotumika, nachukua Supermicro hata kama imechakaa usoni.

Na hapo kwa Supermicro angalia herufi. X10DAi na X10DRi zote ni za soketi mbili na sloti 16. Ya kwanza ni ya mezani: ina sauti, haina usimamizi wa mbali. Ya pili ina chipu ndogo ya ASPEED inayoishi yenyewe hata mashine ikiwa imezimwa, ili mradi umeme upo. Uko Karatu na vigingi vyako, ofisini wanapiga simu kuwa seva imeganda; unaingia kwa VPN ya ofisi (njia iliyofungwa ya kuufikia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), unaiona skrini, unaizima na kuiwasha. Kwa seva, hiyo ndiyo. Ila mlango huo usiuache wazi kwenye intaneti hata siku moja, na nenosiri la kiwandani libadilishe siku ya kwanza.

Kuna kero moja ya bodi hizi ambayo muuzaji hatakuambia. Zimezoea feni za seva zinazopiga kelele. Ukizifungia feni tulivu zinazozunguka polepole, bodi inadhani feni imekufa, inazipandisha zote hadi mwisho, inaona ziko hai, inazishusha, inashtuka tena. Utasikia chumba kinahema kama mtu mwenye pumu. Dawa ni kushusha kile kiwango cha chini cha mzunguko kwa ipmitool, programu ya kuiamuru ile chipu ya ASPEED, kazi ya dakika tano ukishajua.

Ukubwa nao umewaumiza wengi. Bodi hizi ni sentimita 30.5 kwa 33. Makasha mengi yaliyoandikwa E-ATX (kipimo cha bodi kubwa) hupokea bodi ya upana wa sentimita 27 hivi, na matundu ya skrubu ya EEB (kipimo kingine cha bodi kubwa) hayakai mahali palepale. Chukua rula uende nayo dukani. Pawa saplai iwe na waya mbili za pini nane za prosesa, maana kila soketi inataka wake. Waya wa kadi ya picha unafanana nao kwa macho lakini mpangilio wa umeme ndani yake ni tofauti, usiulazimishe. Kipoza joto pia uliza: soketi ya LGA 2011-3 ina fremu za aina mbili, ya mraba yenye matundu ya milimita 80 kwa 80 na nyembamba ya 56 kwa 94. Cha hii hakikai kwenye ile.

RAM iwe ile ya seva, RDIMM yenye ECC (inayosahihisha makosa yake yenyewe), vijiti vyote vya aina moja. Usichanganye RDIMM na LRDIMM, ambayo ni aina nyingine ya RAM ya seva, wala usijaribu kuchomeka vya kompyuta ya kawaida. Anza na vijiti vinane vya GB 16, vinne kila upande, kimoja kila chaneli. Hapo una GB 128, na sloti nane zimebaki wazi kwa siku ya picha 5,000.

Nasisitiza vinne kila upande kwa sababu mwaka juzi niliitwa kutazama seva ya soketi mbili iliyokuwa ikisuasua. RAM ilikuwa ya kutosha, prosesa nzima, joto la kawaida. Nikaandika amri ya numactl --hardware, inayoonyesha RAM ya kila prosesa, na katikati ya majibu ukatokea mstari huu: node 1 size: 0 MB. Aliyeiunganisha alikuwa amejaza sloti zote za prosesa ya kwanza na kuiacha ya pili bila hata kijiti. Ilifanya kazi, ndiyo, lakini kila ilichotaka kusoma ilibidi ivuke daraja kwenda kwa jirani na kurudi. Tukahamisha vijiti nusu, tukawasha, ikawa mashine nyingine. Kumbuka hilo pia kwa kadi: kila sloti ya PCIe ni mali ya prosesa fulani, na soketi ya pili ikiwa tupu, sloti zake nazo zimekufa. Mwongozo wa bodi huonyesha ipi ni ya nani.

Kwenye prosesa zenyewe, tazama tarakimu ya kwanza baada ya E5 na kistari. Ya 2 inakaa wawili wawili. E5-1650 na ndugu zake hukaa peke yake, hata uwe nazo mbili. Kwa AMD EPYC, herufi P mwishoni ina maana hiyohiyo ya soketi moja. Ziwe pacha, namba moja na v moja. Na muulize muuzaji toleo la BIOS: bodi iliyotoka kiwandani wakati wa v3 haitawaka na v4 mpaka BIOS ipandishwe, na kuipandisha huenda ukahitaji kuazima v3.

Umeme: kila wati 100 zinazowaka mchana na usiku ni uniti 72 kwa mwezi. Prosesa hizo ni wati 120 kila moja zikiwa kazini. Chukua risiti yako ya LUKU upige hesabu kabla hujaamua kuiacha iwake mwezi mzima, na UPS ununue kwa wati za mashine nzima.

Kama ningekuwa wewe, kabla ya kununua bodi peke yake ningetafuta HP Z840 au Dell Precision T7910 iliyotumika, ikiwa kamili na prosesa zote mbili. Zote zina sloti 16. Ukijumlisha kasha kubwa, pawa saplai, vipoza joto viwili na nauli ya kuvifuata, bodi ya bei rahisi huwa imeshaipita bei mashine kamili. Ubaya wake, bodi na pawa saplai za mashine hizi ni za umbo lao wenyewe. Kikiharibika kimoja unatafuta kilekile.

Ukiamua bodi, mwambie muuzaji atoe prosesa zote mbili mbele yako. Kwenye soketi hizi pini ziko kwenye bodi, zaidi ya 2,000 kila soketi, laini kama nywele. Washa tochi ya simu, ilaze pembeni karibu usawa wa bodi, usiimulike kutoka juu. Pini nzima zinang'aa kwa mistari iliyonyooka. Iliyopinda itaonekana kama kijidoa kilichotoka kwenye safu. Pini moja tu ikikosa kugusa, unaweza kupoteza chaneli nzima ya RAM bila mashine kukataa kuwaka. Kisha muombe muda aiwashe ikiwa na vijiti pande zote mbili, uingie kwenye BIOS uhesabu kama GB zote zimeonekana. Ukifika Arusha, iache na Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku mzima kabla hujaipa picha hata moja. Na hizo picha za soketi nitumie kabla hujalipa, nizione.