Jibu: Kama hali ya hewa imebadilika tangu zamani, haraka ya nini?
Ndugu yangu, umeuliza haraka ya nini, wakati ukame na mafuriko vilikuwepo tangu enzi za babu zetu. Kweli vilikuwepo. Tofauti ni kasi. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, ingawa hapo wanasayansi wenyewe wamebishana: ni joto, au ukavu wa hewa? Lakini kuhusu chanzo cha joto la dunia, ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ilisema bila kumung'unya maneno: ni binadamu. Ubishi mkubwa sasa ni nani apunguze gesi zinazoleta joto hilo, nani alipe gharama. Msimu mmoja si ushahidi, najua, ila msimu huu mama yangu kapanda mahindi mara mbili. Mbegu za kwanza nilizifukua mwenyewe, zimekauka kama changarawe. Za kupanda mara ya tatu hana.